Mionzi ya Rada, Redio na Nyaya za Umeme: Dhana Potofu na Yaliyopimwa

Kwa Kiswahili tunasema mgonjwa wa saratani anapata tiba ya mionzi, kifua kinapigwa picha ya mionzi, na mnara wa simu nao "unatoa mionzi". Neno moja limebebeshwa vitu viwili visivyofanana, na humo ndimo hofu nyingi zinamozaliwa. Eksirei ina nguvu ya kung'oa elektroni kutoka kwenye molekuli. Kazi hiyo inahitaji fotoni, yaani kifurushi kimoja cha mionzi, yenye nishati ya takriban elektroni-volti 10 (elektroni-volti ni kipimo kidogo sana cha nishati). Fotoni ya mawimbi ya gigahetzi 2.45, yale yanayopasha chakula kwenye maikrowevu, ina elektroni-volti 0.00001 hivi, yaani pungufu mara milioni moja. Ukiongeza nguvu ya mtambo unaongeza idadi ya fotoni. Nguvu ya kila fotoni inabaki ileile.

Hapo wengine hukimbilia kusema kwamba basi mawimbi ya redio hayadhuru kabisa. Hilo nalo ni kosa. Yanaweza kudhuru, ila kwa njia nyingine, na kuitambua njia hiyo kulichukua miaka mingi ya majaribio, mengine ya makini na mengine ya hovyo.

"Utafiti huu ulianza na simu za mkononi"

Ulianza kabla ya redio kutangaza neno hata moja. Mwaka 1892, kwenye maabara ya Thomas Edison huko New Jersey, daktari Frederick Peterson na mtaalamu wa umeme A. E. Kennelly waliweka kichwa cha mtu katikati ya ncha za sumaku-umeme kubwa, wakawa wanawasha na kuzima mkondo bila kumwambia. Hakuweza kujua sumaku imewaka saa ngapi. Mbwa aliyewekwa kwenye sumaku kwa saa 5 alitoka mzima. Wakaandika kwamba sumaku haina athari kwa mwili.

Mwaka 1896, Jacques-Arsène d'Arsonval wa Paris alitengeneza koili kubwa ya kutosha kuingiza kichwa, akapitisha mkondo geu wa takriban hetzi 42, yaani unaorudia mzunguko wake mara 42 kwa sekunde. Aliyeingiza kichwa aliona vimulimuli vya mwanga, hata akiwa amefumba macho. Silvanus Thompson alikuja kuona jambo lilelile London mwaka 1910. Hakuna aliyedanganya kati yao. Athari haitokani na kuwepo kwa uga wa sumaku (eneo ambalo nguvu ya sumaku inafika) tu, inategemea ukubwa wake na kasi ya kubadilika kwake. Uga unaobadilika huamsha mikondo midogo ya umeme ndani ya mwili, na retina ya jicho huihisi mapema kuliko sehemu nyingine, hasa kwenye hetzi 20 na kidogo. Ndiyo maana sentensi "uga wa sumaku una madhara" au "hauna madhara", bila masafa (idadi ya hetzi) wala kipimo, haina maana yoyote.

"Kisichopiga shoti hakiingii mwilini"

D'Arsonval huyohuyo ndiye aliyeonyesha kwamba mkondo ukizidi takriban hetzi 10,000, misuli huacha kukakamaa. Mtu anaweza kupitishiwa mkondo ambao kwa hetzi 50 ungemuua, asihisi mshtuko. Anachohisi ni joto. Madaktari waliling'ang'ania jambo hilo kwa furaha, na Mjerumani Karl Franz Nagelschmidt akalipa jina la diathemia, kupasha joto ndani kwa ndani.

Kisha ikaja ajali yenye manufaa. Wafanyakazi waliokuwa karibu na mitambo ya mawimbi mafupi ya redio ya kampuni ya General Electric, mjini Schenectady, Marekani, walikuwa wakipandwa na homa. Mwaka 1928 Helen Hosmer alichapisha vipimo vya kupanda kwa joto hilo. Badala ya kuliogopa, madaktari walilitumia: wagonjwa wa kaswende iliyofika kwenye ubongo walipandishwa homa kwa makusudi kwa mawimbi ya redio, kwa kuwa vijidudu vya kaswende havistahimili joto.

Mashine za diathemia bado zipo kwenye idara za fiziotherapia, nyingi zikifanya kazi kwenye megahetzi 27.12, na makosa yake yanafundisha kuliko nadharia. Tone la jasho chini ya elektrodi hukusanya joto na kuunguza ngozi, kwa hiyo ngozi hukaushwa na taulo kavu huwekwa katikati. Chuma kilichopachikwa mwilini hukusanya joto pembeni mwake. Mwenye betri ya moyo au waya za kuchochea ubongo hatakiwi kuwekwa kwenye mashine hiyo kabisa. Kitanda na kiti huwa cha mbao. Na kwa sababu kipimo cha dozi kwa kawaida ni kauli ya mgonjwa, "sasa nasikia uvuguvugu", mwenye ganzi kutokana na kisukari anaweza kuungua bila kusema neno.

"Rada iliwafanya wanajeshi kuwa tasa na vipara"

Uvumi huu ulienea sana wakati wa Vita Kuu ya Pili. Jeshi la majini la Marekani lilimpa daktari L. E. Daily kazi ya kuwachunguza watu 45 wa maabara za rada, na taarifa yake ya mwaka 1943 haikuonyesha madhara ya rada. Mwaka 1945 Lidman na Cohn walichunguza damu za wanajeshi 124 waliofanya kazi kwenye rada, nao hawakukuta tatizo. Upara haukuwa na ushahidi wowote. Kuhusu uzazi jibu halinyooki hivyo: korodani zimening'inia nje ya tumbo kwa sababu mbegu za kiume hutaka ubaridi, na kwa wanyama mawimbi makali ya kutosha kuzipasha joto yaliziharibu kweli.

Lakini watu 45 ni wachache mno kwa ugonjwa unaompata mmoja kati ya elfu. Taarifa hizo zilisomwa na wengi kama cheti cha usalama, jambo ambalo idadi hiyo haiwezi kulithibitisha.

"Sungura walipata mtoto wa jicho, kwa hiyo simu inapofusha"

Mwaka 1948 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa waliripoti lenzi za macho ya sungura kuwa na ukungu baada ya kupigwa maikrowevu, na kazi kama hiyo ilifanyika kwenye kliniki ya Mayo. Mwaka 1952 likaandikwa tukio la fundi wa jenereta ya maikrowevu aliyepata mtoto wa jicho macho yote mawili. Habari hizi ni za kweli. Yanayosahaulika ni masharti yake.

Lenzi ya jicho haina mishipa ya damu. Kwingineko mwilini damu hubeba joto na kuliondoa kama maji ya rejeta. Lenzini joto hukaa. Ili lenzi ya sungura ipate ukungu, antena huwekwa karibu kabisa na jicho, mawimbi hufika miliwati 100 au zaidi kwa kila sentimita ya mraba, na mnyama hukaa hapo kwa saa moja au zaidi huku akiwa amelazwa kwa dawa. Joto ndani ya jicho hupita nyuzi 41, na ukungu hutokea siku kadhaa baadaye.

Je, ni joto au ni kitu kingine ndani ya mawimbi? Swali hilo lilijibiwa kwa jaribio zuri sana la Seattle katika miaka ya 1970: sungura walipozwa mwili mzima kwanza, kisha wakapigwa kwa nguvu ileile. Lenzi zilibaki safi. Kwa nyani, ambao macho yao yamekaa ndani ya mfupa wa uso kama yetu, ngozi ya uso iliungua kabla lenzi haijapata ukungu. Kwa hiyo fundi anayechungulia ndani ya bomba la rada lililo wazi huku mtambo umewashwa anahatarisha macho yake kwelikweli. Mwenye simu sikioni hayumo kwenye hali hiyo.

"Kilichompata panya kitatupata na sisi"

Hapa ndipo utafiti wa mwanzo ulipokosea zaidi, na kosa hilo bado linatembea kwenye mitandao. Watafiti walipima mawimbi yanayofika kwenye ngozi ya mnyama wakidhani wamepima dozi. Mwili ni kama antena: hunyonya zaidi pale urefu wake unapokaribia sehemu 0.4 ya urefu wa wimbi. Wimbi la gigahetzi 2.45 lina sentimita 12.2, zidisha kwa 0.4, unapata sentimita 5 hivi, karibu na mwili wa panya mdogo wa maabara. Binadamu wa mita 1.75 anafikia kilele chake kwenye takriban megahetzi 70. Kwa hiyo miliwati 10 kwa sentimita ya mraba za maikrowevu zinazomchemsha panya hazimfanyii mtu vilevile, na utafiti wote uliohamisha namba moja kwa moja kutoka kwa panya kwenda kwa binadamu ulikuwa na tatizo tangu mwanzo.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa Prausnitz na Susskind, 1962, California: panya wadogo walipigwa miliwati 100 kwa sentimita ya mraba kwa dakika 4.5 kwa siku, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 59. Waliripoti korodani zilizosinyaa na magonjwa yanayofanana na saratani ya damu. Anayeunukuu utafiti huo mara chache hutaja kwamba joto la panya lilipanda kwa zaidi ya nyuzi 3 kila mara, na kwamba dakika 4.5 zilichaguliwa kwa kuwa ni nusu ya muda uliotosha kuua nusu yao. Huo ulikuwa utafiti wa homa kali ya kujirudia.

Mitego mingine ilikuwa midogo na ya kuudhi. Mrija wa chuma wa chupa ya maji ulikusanya mkondo mdomoni mwa panya anayekunywa, naye akapunguza kunywa. Mtafiti akaandika kwamba maikrowevu hupunguza kiu. Waya za elektrodi kichwani zilinasa mawimbi na kupasha ubongo pale zilipochomekwa. Feni ya mtambo ililia upande wa wanaopigwa na kunyamaza upande wa wasiopigwa.

Kikomo cha kwanza Marekani, miliwati 10 kwa sentimita ya mraba, kilitokana na hesabu ya Herman Schwan mwaka 1953. Aliona miliwati 100 zinaweza kuushinda mwili kuondoa joto, akagawa kwa kumi. Ilikuwa hesabu ya busara kwa wakati wake, ingawa haikuzingatia ukubwa wa mwili na urefu wa wimbi. Baadaye kipimo kilihamia kwenye wati zinazonyonywa kwa kila kilo ya mwili. Wanyama waliofundishwa kazi waliiacha walipofika takriban wati 4 kwa kilo, kiasi kinachopandisha joto la mwili kwa nyuzi 1 hivi. Ikagawanywa kwa 10 kupata 0.4 kwa wafanyakazi, kisha kwa 5 tena kupata 0.08 kwa watu wote.

"Kusikia mawimbi ya rada ni uchawi au wazimu"

Mwaka 1961 Allan Frey alionyesha kwamba watu husikia mlio, kama mdudu anayevuma au kitu kinachogongagonga, wanapopigwa na mapigo mafupi ya mawimbi ya redio, ingawa wastani wa nguvu ni mdogo. Wengi hawakuamini. Maelezo yalikuja mwaka 1974 kutoka kwa watafiti Foster na Finch. Pigo moja hupandisha joto la kichwa kwa sehemu chache tu za milioni za nyuzi moja, lakini kwa kasi kubwa mno, na nyama ikitanuka ghafla hutoa wimbi la sauti linalofika sikio la ndani kupitia mfupa.

Walithibitisha kwa maji. Maji hayatanuki wala kusinyaa yakiwa kwenye nyuzi 4. Waliyapoza hadi hapo, wakapiga mapigo, na kipaza sauti ndani ya maji hakikusikia kitu. Chini ya nyuzi 4, ambapo maji yakipashwa husinyaa, wimbi lilijitokeza likiwa limepinduka. Ni nadra jaribio kufunga mjadala kwa usafi namna hiyo. Na halitoi ruhusa ya kusema kuna mtu anayetuma maneno vichwani mwa watu: kinachosikika ni mlio wa mapigo.

"Warusi waliujua ukweli, Wamarekani wakauficha"

Kikomo cha Umoja wa Kisovyeti cha mwaka 1958 kilikuwa mikrowati 10 kwa sentimita ya mraba kwa siku nzima ya kazi, chini mara elfu ya kile cha Marekani. Tofauti ilitokana na swali waliloanza nalo. Moscow walitafuta badiliko lolote mwilini, hata la mapigo ya moyo au uchovu, wakaweka kikomo chini yake. Marekani walitafuta jeraha. Taarifa za Kisovyeti za maumivu ya kichwa na usingizi mbaya kwa wafanyakazi mara nyingi hazikueleza dozi, kelele wala joto la karakana, kwa hiyo zilikuwa ngumu kurudiwa.

Ubalozi wa Marekani mjini Moscow wenyewe ulipigwa maikrowevu kwa miaka mingi. Timu ya Abraham Lilienfeld wa Johns Hopkins iliwalinganisha zaidi ya wafanyakazi 1,800 wa hapo na wenzao wa balozi nyingine za Ulaya Mashariki, na mwaka 1978 haikupata ushahidi wa kuridhisha wa madhara. Ilisema wazi pia kwamba wengi walikuwa bado vijana mno kwa saratani kujitokeza.

"Nyaya za umeme zimethibitishwa kuleta saratani ya damu"

Mwaka 1979 Nancy Wertheimer na Ed Leeper walichapisha kazi yao ya Denver kuhusu watoto 344 waliokufa kwa saratani. Hawakupima uga ndani ya nyumba. Walizipanga nyumba kwa kutazama unene wa nyaya na umbali wa nguzo, na aliyezipanga alijua ni nyumba ya mgonjwa. Hatari ilionekana kuwa mara mbili hadi tatu. Ilikuwa kazi ya kishujaa yenye udhaifu unaoonekana, na wakosoaji walikuwa na haki ya kudai vipimo.

Vipimo vilikuja. Tafiti za nchi kadhaa zilipounganishwa mwaka 2000, watoto walioishi kwenye wastani wa mikrotesla 0.4 (mikrotesla ni kipimo cha ukubwa wa uga wa sumaku) au zaidi walikuwa na saratani ya damu karibu mara mbili ya wengine. Chini ya hapo hakukuonekana kitu. Wanaofikia wastani huo ni wachache sana. Mwaka 2002 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliuweka uga wa sumaku wa umeme wa majumbani kwenye kundi 2B, "huenda unasababisha". Majaribio ya wanyama hayajauunga mkono uhusiano huo, na hakuna aliyeonyesha jinsi mikrotesla 0.4 za hetzi 50 zinavyoweza kugeuza seli.

Anayetaka kujua nyumba yake ilivyo asihesabu nguzo. Achukue kipima uga cha mihimili mitatu, yaani kinachopima pande zote tatu kwa pamoja, kinachosoma hetzi 50, akiweke chumba cha kulala kwa saa 24, mbali na feni na friji, kisha atazame wastani wala si kilele. Ukuta wa matofali hauuzuii uga wa sumaku. Umbali ndio unaoupunguza.