Ngome kwenye mstari wa sita

Watu wakiniuliza mchezo wangu mgumu kuliko yote wa sataranji ulikuwa upi, hutarajia niwaonyeshe ule niliomtoa malkia sadaka nikashinda. Sio huo. Ulikuwa mchezo wa sare, na kwa muda wa saa nzima nilichofanya ni kusogeza ngome yangu, kete inayokwenda moja kwa moja kwa wima au ulalo, mraba mmoja kulia, mraba mmoja kushoto, kama mlinzi wa geti.

Nilikuwa na kete nyeusi, na mpinzani alinizidi kiwango. Ufunguzi ulipita salama. Hatua ya 19 nikapoteza askari kizembe kabisa: nilipiga hesabu ya kulana kete nikaikatiza hatua moja kabla ya mwisho, kosa ambalo wanafunzi wangu nawagombeza kwalo kila wiki. Baada ya hapo yeye akawa anakubali kubadilishana kila kitu, na alikuwa na haki. Aliyezidi askari hunufaika ubao ukiwa mtupu. Kufikia hatua ya 55 tulibaki hivi (herufi ni safu ya wima, namba ni mstari wa ulalo): mfalme wake f5, askari wake e5, ngome yake a7. Mimi mfalme e8 na ngome b6. Basi.

Waliosoma kidogo miisho ya michezo inayobaki na ngome wameshaitambua. Ni kinga ya Philidor, Mfaransa aliyekuwa mtunzi wa opera na bingwa wa sataranji kwa wakati mmoja, na aliyeichambua mwaka 1777. Tangu hapo hakuna aliyeivunja, kwa sababu haivunjiki. Sababu yenyewe ni nyepesi. Mfalme mweupe anataka kupanda mstari wa sita, awe d6, e6 au f6, ili ambane mfalme wangu kwenye ukingo wa ubao. Ngome yangu ikiwa b6 inauziba mstari huo wote. Kwa hiyo lazima askari atangulie, aende e6. Akishaenda, amekalia mraba uleule ambao mfalme wake angejifichia. Hapo ndipo ngome yangu inaposhuka mpaka b1 na kuanza kumpiga cheki, yaani kumshambulia mfalme wake, kutoka nyuma. Akienda f6, cheki ya f1. Akirudi e5, cheki ya e1. Akihamia d6, cheki ya d1. Hana pa kuegemea.

Darasani somo hili nalimaliza kwa dakika 10. Mezani ni habari nyingine.

Ubaya wa kinga hii ni kwamba mpinzani halazimiki kumsukuma askari. Anaweza kukaa tu. Ngome yake ikaenda h7, yangu ikaenda c6. Yake ikarudi a7, yangu ikarudi b6. Tena. Tena. Anayelinda anajua jibu ni kungoja, lakini mkono haujui. Mkono unataka kufanya kitu. Unaanza kuiona ile ngome ya b6 kana kwamba haina kazi, na sauti inakunong'oneza: ishushe sasa hivi nyuma, mbona mwishowe ni lazima ishuke?

Ukiishusha mapema, askari angali e5, mfalme wake anaruka e6 na papo hapo anatishia mati, yaani kummaliza mfalme wako, kwa ngome ya a8. Hujafa bado. Unakimbizia mfalme f8, upande ule mfupi, unaweka ngome nyuma ya askari, na unaweza kuokoka. Lakini umetoka kwenye barabara ya lami ukaingia kwenye ukingo wa korongo. Na ukichagua uoga, yaani ngome irudi mstari wa mwisho ijikunyate pembeni mwa mfalme, dhidi ya askari wa katikati unapoteza. Dhidi ya askari wa pembeni kabisa, au yule anayemfuatia, ungenusurika. Askari wa e hana huruma hiyo.

Tulicheza kwa dakika 90 kila mmoja na nyongeza ya sekunde 30 kwa kila hatua. Mimi nilishabakiwa na dakika 3, ndiyo kusema naishi kwa zile sekunde 30. Na nyongeza ikiwa ya sekunde 30, sheria haikuruhusu kuacha kuandika hatua kwenye karatasi hata ukibanwa na saa. Unasogeza, unabonyeza, unaandika, unainua macho, zamu yako tena. Nilikalia viganja vyangu, na sisemi kwa mafumbo: viganja chini ya mapaja. Kete ukiigusa kwa nia ya kuisogeza, umeshaisogeza.

Halafu nikajiaibisha. Niliona ngome yake a7, yangu b6, nikakumbuka kwamba sura hii ya ubao nimeshaiona mara mbili. Ikijirudia mara ya tatu, mwenye zamu anaweza kudai sare. Nikasimamisha saa, nikamwita mwamuzi. Akachukua karatasi, akapanga kete kwenye ubao mwingine, akarudia hatua zote taratibu. Mimi nimekaa nimetulia kama mtu anayengoja chenji yake.

Dai langu halikuwa sahihi. Kete zilikuwa palepale, ndiyo, lakini zamu haikuwa ileile. Mara mbili za kwanza ilikuwa zamu ya mpinzani. Safari hii ilikuwa yangu. Mpinzani alikuwa ameitoa ngome a7 akaipitisha g7, kisha h7, ndipo akairudisha a7: hatua tatu mahali pa mbili. Mimi katika usingizi wangu wa b6 na c6 sikuliona hilo. Alipewa dakika 2 za ziada kwa sheria, nami nikabaki na masikio ya moto.

Hizo dakika 2 wala hazikuniumiza. Kilichoniumiza ni kwamba baada ya kuaibika nilitamani yaishe, vyovyote vile. Naamini michezo mingi ya kulinda hupotea hapo: ubao ni sare, mtu ndiye aliyekwisha. Mwaka 2021 kule Dubai, mchezo wa sita wa ubingwa wa dunia ulifika hatua 136. Carlsen, bingwa mtetezi, alikuwa na ngome, farasi na askari wawili dhidi ya malkia wa mpinzani wake Nepomniachtchi, hali ambayo kompyuta iliihesabu kuwa ni sare mpaka karibu na mwisho. Ilishikilia mpaka mwanadamu alipochoka. Kama wakubwa wale huangukia hapo, mimi ni nani?

Kilichoniokoa ni kuhesabu. Sikuhesabu mbinu, nilihesabu namba tu. Kila hatua nilitia nukta ndogo pembeni mwa karatasi, kuanzia pale askari aliposogea mara ya mwisho. Zikifika hatua 50 za kila upande bila askari kusogezwa wala kete kuliwa, ningekuwa na dai lisilo na utata wa zamu. Kazi ya mkono ikawa kuweka nukta, na ngome ikasahauliwa.

Nukta ya 41 akainama mbele, akafikiri kwa dakika 6, akamsukuma askari e6. Ngome yangu ikashuka b1 kabla sijamaliza kupumua. f6, cheki. e5, cheki. d6, cheki. Baada ya cheki ya tano alinitazama, akatabasamu kwa uchovu, akanyoosha mkono.

Nilipoitoa ile karatasi jioni ili nimwonyeshe mwanafunzi mmoja, hatua 10 za mwisho sikuweza kuzisoma mwenyewe. Nukta peke yake ndizo zilizosomeka.