Mfuniko Kukaza Hakufanyi Chakula Kiwe Salama: Maelezo kwa Familia na Wenye Migahawa wa Kigoma

Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, familia nyingi za Kigoma zilianza kujiwekea akiba ya kitoweo kwa namna ambazo hazikuwa za kawaida kwetu. Kujipanga ni jambo jema. Ziwa hili ni la nchi nne, Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia, na lengo la kulipumzisha ni samaki wazaliane. Mtu mwenye watoto lazima ajue watakula nini katika miezi hiyo. Hakuna afisa afya atakayempinga.

Kinachotutia wasiwasi sisi maafisa afya ni njia moja inayoenezwa kwa video za simu. Dagaa wabichi au waliokaangwa nusu hutiwa kwenye chupa ya mayonezi iliyooshwa, pamoja na kitunguu saumu na pilipili, kisha chupa hujazwa mawese ya moto mpaka juu. Mfuniko hukazwa, chupa hugeuzwa kichwa chini, na ikipoa huwekwa kabatini kwa miezi. Chupa hizi sasa tunazikuta kwenye harusi na hitima, kwenye meza za migahawa ya Mwanga na Gungu, na ndani ya mizigo ya treni inayokwenda Dar es Salaam kwa ndugu waliomisi chakula cha nyumbani. Maswali yamekuwa mengi, na malalamiko pia. Juni ndio mwezi wa elimu ya usalama wa chakula, kwa kuwa tarehe 7 Juni ni Siku ya Usalama wa Chakula Duniani, hivyo nimeona niyajibu kwa pamoja. Kunawa mikono, kufunika chakula na kuchemsha maji sitayarudia hapa. Naamini kila mtu anayafahamu.

Katika udongo, katika tope la ziwa na katika utumbo wa samaki kuna bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Hujihifadhi katika umbo la mbegu ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Mtu mzima mwenye afya huzimeza mara nyingi na chakula na hazimfanyi kitu. Huota pale zinapopata mambo manne kwa pamoja: mahali pasipo na hewa, maji ya kutosha ndani ya chakula, chakula kisicho kichachu, na joto la kawaida la chumbani. Zikiota, bakteria hao hutoa sumu inayoshika mishipa ya fahamu. Ugonjwa wake unaitwa botulismu. Sasa itazame chupa ile ya dagaa katika mawese: mafuta yamezuia hewa, dagaa bado ana maji, hakuna siki wala ndimu, na kabati la Kigoma lina joto mwaka mzima. Masharti yote manne yametimia.

Jibu ninalopewa kila mara ni kwamba mawese yalikuwa yanachemka. Naomba tuelewane vizuri hapa, maana ndipo watu wengi wanapokosea. Mafuta ya kukaangia kweli hupita nyuzi 150, lakini dagaa akiwa bado na maji ndani, katikati yake joto haliwezi kupita sana lile la maji kuchemka. Na mafuta yakimiminwa kwenye chupa ya baridi huanza kupoa papo hapo. Maji nayo hapa kwetu hayafiki nyuzi 100: ufukweni Kigoma, takribani mita 770 kutoka usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi 97 hivi, na Kasulu, ambako ni juu zaidi, kwenye 96 hivi. Mbegu za bakteria huyu huvumilia mchemko wa kawaida kwa saa kadhaa. Ili kuziua katika samaki, nyama, maharage au mboga za majani, viwanda hutumia nyuzi 121, na joto hilo linapatikana kwa mvuke wenye presha peke yake. Wanaosindika samaki nyumbani katika nchi zenye mitambo maalumu ya presha huchemsha chupa za nusu lita kwa dakika 100, wakiangalia geji muda wote. Sufuria ya presha ya kupikia maharage si mtambo huo. Ni ndogo, hupanda na kushuka joto haraka, na nyingi hazina geji ya kukuonyesha presha iliyofikiwa.

Wengine hunionyesha jinsi mfuniko ulivyobonyea katikati na kulia "tik" chupa ilipopoa, wakidhani huo ndio uthibitisho. Mfuniko ukibonyea maana yake hewa imetoka, basi. Bakteria huyu anataka hewa itoke.

Halafu lipo la bibi. "Bibi yangu alihifadhi chakula miaka yote na hakuna aliyekufa." Nimelisikia mpaka nimechoka, na ninalijibu kwa heshima kwa sababu bibi alikuwa sahihi kabisa. Alianika dagaa mpaka wakakatika kwa kidole. Alikausha samaki kwa moshi, alitia chumvi ya kutosha, alianika mboga za majani na mihogo juani. Njia zote hizo huondoa maji, na bila maji mbegu hizi haziwezi kuota. Bibi hakuwahi kufungia samaki mwenye maji ndani ya chupa ya mafuta. Ukitaka akiba ya miezi ya kufungwa kwa ziwa, rudi kwa bibi: dagaa wa kuanikwa juu ya chanja, wasianikwe mchangani, wakauke kabisa, wahifadhiwe pakavu. Ukipenda kuwakaanga, wakaange mpaka wawe wakavu kama bisi, wachuje mafuta, uwaweke kwenye chupa kavu bila kuwajazia mafuta. Wataliwa vizuri na ugali wa muhogo na hakuna atakayekulaumu.

Hatari hii si ya kufikirika. Septemba 2023, katika mji wa Bordeaux, Ufaransa, mgahawa mmoja uliwapa wageni dagaa wakubwa, sadini, waliofungwa kwenye chupa na mgahawa wenyewe. Zaidi ya watu kumi waliugua, wengi wao wageni kutoka nchi mbalimbali, na mmoja alifariki. Huko Vancouver, Kanada, mwaka 1985, watu 36 waliokula kwenye mgahawa mmoja waliugua botulismu kutokana na kitunguu saumu kilichokatwakatwa na kuhifadhiwa kwenye mafuta nje ya friji. Wengi wao hospitali ziliwadhania magonjwa mengine kwanza. Hizi ni nchi zenye maabara na friji kila nyumba. Kinachofanana na sisi ni chupa iliyoko mezani.

Kwa hiyo ndugu zangu wenye hoteli na mama ntilie, pilipili ya mawese yenye kitunguu saumu itengenezwe kidogo kidogo. Ile ya kutwa iishe siku hiyo. Ikibaki, iingie kwenye friji na isizidi siku nne, kisha imwagwe. Kuiongezea mpya juu ya ya zamani, kama wengi wanavyofanya, maana yake chupa haijawahi kuisha tangu mlipofungua biashara. Kama huna friji, tengeneza pilipili ya siki: pilipili na saumu vizame ndani ya siki ya dukani yenye ukali wa asilimia 5, bila kuizimua kwa maji. Mteja naye ana haki ya kuuliza chupa hiyo ilitengenezwa lini. Mhudumu akikuambia "hiyo haiharibiki", iache.

Vinavyofaa kufungwa kwenye chupa nyumbani bila mtambo wa presha ni vyakula vichachu tu. Kitaalamu, uchachu hupimwa kwa kipimo cha pH, ambacho namba yake hushuka kadiri chakula kinavyozidi kuwa kichachu, na mstari wa usalama ni 4.6, chini ya hapo mbegu haziwezi kuota. Achari ya maembe iliyotengenezwa kwa siki ipo chini ya mstari huo, jamu ya matunda machachu pia. Nyanya ziko mpakani, na ndizo zinazowadanganya wengi msimu zinapojaa sokoni na ndoo kuuzwa kwa bei ya kutupa. Nyanya lazima ziongezewe vijiko viwili vya chakula vya maji ya limau kwa kila lita, tena ya chupa ya dukani, kwa sababu ndimu za sokoni hazilingani ukali. Ziponde, zichemshe, zitie kwenye chupa za kioo za nusu lita zisizo na ufa na zenye mifuniko mipya, kisha chupa zenyewe zichemshwe zikiwa zimezama kabisa ndani ya maji: dakika 40 kwa mji wa Kigoma, dakika 45 kwa Kasulu, kuhesabu tangu maji yanapochemka. Usichanganye nyanya hizo na vitunguu, karoti, hoho au mafuta kabla ya kuzifunga. Viungo hivyo hupunguza uchachu na hesabu yote huvurugika. Vitie siku ya kupika.

Sasa upande wa sheria, maana hapa ndipo uvumi umezidi. Anayesindika kwa ajili ya familia yake hatumwingilii, tunamshauri. Mara unapouza, iwe chupa moja kwa jirani au katoni kwa mteja wa mtandaoni, umeingia kwenye biashara ya chakula, na si kweli kwamba "biashara ndogo haihusiki". Tangu 2019 usimamizi wa usalama wa chakula ulihamishwa kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, kwenda Shirika la Viwango Tanzania, TBS, chini ya Sheria ya Viwango ya mwaka 2009, na maafisa afya wa halmashauri tunafanya ukaguzi chini ya Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka huohuo. Mjasiriamali mdogo aanzie SIDO, shirika la serikali la kuhudumia viwanda vidogo. Huko hupewa mafunzo na barua ya utambulisho inayomsaidia kuomba alama ya ubora. Eneo la kusindikia hukaguliwa na kusajiliwa. Wote wanaoshika chakula hupimwa afya kila baada ya miezi sita, na cheti cha mtu mmoja hakitumiki kwa mwenzake, hata wawe ndugu. Lebo ioneshe jina la bidhaa, viambato, uzito, jina na anwani ya mzalishaji, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi. Kuandika "asilia, haina kemikali" hakuchukui nafasi ya hata kimoja kati ya hivyo.

Tunapokuta chupa zisizo na usajili kwenye mgahawa au duka, utaratibu uko hivi. Mkaguzi hujitambulisha kwa kitambulisho. Una haki ya kukiona kabla hajaingia jikoni. Bidhaa huzuiwa kwa maandishi, ikiorodheshwa idadi, na mwenye mali husaini na kubaki na nakala. Sampuli ikichukuliwa, hufungwa kwa lakiri mbele yake. Kasoro za jengo hupewa ilani yenye muda wa kurekebisha, na mkaguzi hurudi muda huo ukiisha. Bidhaa iliyothibitika kuwa hatari huteketezwa, na gharama inaweza kuangukia kwa mwenye mali. Anayekaidi ilani, anayeuza bidhaa iliyozuiwa au anayeficha sehemu ya mzigo hufikishwa mahakamani, na mahakama ina uwezo wa kutoza faini, kifungo au vyote viwili. Leseni nayo huweza kusitishwa. Malipo yoyote ya serikali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Mkaguzi anayeomba fedha mkononi mripoti.

Jambo moja la pembeni kidogo lakini ni la bakteria huyuhuyu: mtoto aliye chini ya miezi 12 asipewe asali, hata kijiko kimoja, hata ile nzuri ya Kibondo. Utumbo wake bado hauna ulinzi wa kuzuia mbegu kuota.

Dalili za botulismu kwa kawaida huanza kati ya saa 12 na 36 baada ya kula, ingawa zinaweza kuchelewa siku kadhaa. Mgonjwa huona vitu viwili viwili, kope huanguka, mdomo hukauka, maneno hayatoki vizuri, kumeza kunakuwa shida, kisha udhaifu hushuka mabegani, mikononi na miguuni mpaka kupumua kunakuwa tabu. Homa mara nyingi haipo na akili iko timamu, ndiyo maana watu hudhani ni kiharusi au wamerogwa na kupoteza siku nzima nyumbani wakihangaika. Usisubiri. Mpeleke hospitali (kwa walio mjini Kigoma, Hospitali ya Maweni), na umwambie daktari waziwazi kwamba mmekula chakula cha chupa. Ichukue chupa yenyewe ilivyo, bila kuiosha, ndani ya mfuko uliofungwa. Wote waliokula chakula kile waende pia, hata wasiojisikia vibaya.

Kwa walio na chupa za dagaa kabatini sasa hivi: usionje ili kujua kama imeharibika, kwa sababu sumu hii inaweza isiwe na harufu wala ladha. Usiwape kuku wala mbwa. Chupa iliyovimba mfuniko au inayovuja isifunguliwe kabisa. Ifunge kwenye mifuko miwili na uilete. Chupa zote za namna hii, za nyumbani na za biashara, zinapokelewa katika ofisi za afya za kata siku za kazi. Mwenye kuzileta kwa hiari hatafunguliwa shauri. Ataulizwa idadi, tarehe ya kutengeneza na majina ya waliopewa nyingine, ili tuwafuate hao na kuwatahadharisha kabla hawajala.