Gari ambayo haikutengenezwa 2021 hutaipata mnadani 2028

"Uhaba wa chipu uliisha zamani, na hata hivyo ulikuwa wa magari mapya, sisi wa mtumba unatuhusu nini?" Hii kauli nimeisikia mpaka basi. (Chipu ni vile vipande vidogo vya elektroniki vinavyoendesha kompyuta za gari.) Wiki hii nimeambiwa tena, safari hii na mtu mwenye yadi yake hapa Mombasa, mtu ambaye kila mwezi ananunua yuniti, yaani gari, Japani! Wacha niandike mara moja, atakayeuliza tena namtumia linki.

Chanzo cha uhaba huo nakipitia haraka. 2020 korona ilipoingia makampuni ya magari yalikatiza oda za chipu yakidhani watu hawatanunua gari, viwanda vya chipu navyo vikachukua oda za laptop na simu, gari zilipoanza kutakikana tena foleni ishajaa. Februari 2021 baridi kali ikakata stima Texas, viwanda vya chipu vya Samsung, NXP na Infineon pale Austin vikasimama. Machi 19 kiwanda cha chipu cha Renesas kule Naka, Japani, kikashika moto. Ikafika Septemba Toyota wakapunguza asilimia 40 ya gari walizopanga kuunda mwezi huo duniani kote.

Sasa hapa ndipo huwa napandwa na hasira. Mtu ananiambia "mimi nataka Vitz tu, haina makompyuta, chipu ni mambo ya Benz". Vitz hiyo hiyo ina kompyuta ya injini, ya breki za ABS, ya airbag, ya usukani wa umeme, na kila moja ina chipu zake. Na zilizoadimika zaidi hazikuwa zile za kisasa za simu, zilikuwa za teknolojia ya zamani, nyingine bei yake ni dola chache tu. Ndo maana ziliadimika kwa muda mrefu hivyo, nani atajenga kiwanda cha mabilioni ya dola ili auze kitu cha faida ndogo? Wala huwezi kuitoa ukachomeka nyingine yoyote, chipu ya gari lazima ivumilie joto la injini, baridi na mtikisiko kwa miaka, kuipima mpaka ikubaliwe ni kazi ya miezi. Ikikosekana moja gari nzima haitoki. Ford walikuwa na pikapu zimejaa kwenye uwanja wa mbio za magari kule Kentucky, zimekamilika kila kitu, zinangoja chipu. Na isidhaniwe ni hadithi ya kale, Oktoba 2025 mzozo wa Uholanzi na China kuhusu kampuni ya Nexperia ulikatiza chipu za bei ya chini kabisa na Honda wakasimamisha kiwanda chao Mexico.

Haya, tuje kwetu. Gari yako unaitoa wapi? Kwa Mjapani aliyenunua mpya akaachia ya zamani, dealer akaipeleka mnadani. Na wengi wanaiachia ikikaribia shaken, ule ukaguzi wa lazima, wa kwanza gari ikiwa na miaka 3 halafu kila baada ya 2. Sasa huyu Mjapani akaambiwa mpya hakuna, angoje. Januari 2022 Toyota wenyewe walisema Land Cruiser mpya inaweza kusubiriwa hadi miaka 4! Atafanya nini? Analipia shaken anakaa na yake miaka 2 zaidi. Kwake ni usumbufu, kwa Mkenya hiyo gari imeshapotea, sababu sheria yetu hairuhusu gari iliyozidi miaka 8, ile ya miaka 7 akiishikilia miaka 2 ndo kwaheri.

Hilo ni pigo la kwanza, na watu wengi wanaishia hapo. La pili ndilo linaloniuma maana halizungumzwi kabisa. Mwaka 2019 ndani ya Japani ziliuzwa gari mpya kama milioni 5.2. 2021 zikawa kama milioni 4.45, 2022 kama milioni 4.2, idadi ya chini kabisa tangu 1977. Hizo zilizopungua hazikuchelewa njiani, hazikuzaliwa. Ni kama kijiji ambacho mwaka fulani watoto walizaliwa wachache, miaka saba baadaye mwalimu anashangaa mbona darasa halijai. Wakenya wengi tunaagiza gari ya miaka 7, kwa hivyo yuniti za 2021 tutazitafuta 2028 na za 2022 tutazitafuta 2029. Mganda anaruhusiwa mpaka miaka 15, ana nafasi ya kuruka mwaka mbaya akachukua wa nyuma. Sisi hatuna pa kurukia.

Kama bei itapanda sana au kidogo, hapo sikuapii. Chipu haikuwa peke yake, nauli ya meli ilipanda, shilingi ikaanguka, yeni nayo ilianguka 2022 ambayo ingetufaa sisi lakini ikavuta wanunuzi wengine, Warusi baada ya vikwazo waliingia minadani kwa nguvu. Anayekuambia asilimia kadhaa ya bei ni chipu amebuni. Ila idadi ndogo ya gari ni idadi ndogo, hiyo haibadiliki hata yeni ifanye nini.

Kwa hivyo ukiwa unapanga kuagiza miaka hiyo, weka deposit mapema na usikariri modeli moja, kama Fielder hazipatikani angalia Note, angalia Mazda2 (ile iliyokuwa ikiitwa Demio). Na za mwisho wa 2022 za Toyota, kabla hujalipa uliza funguo. Oktoba mwaka huo Toyota walianza kuwapa wateja wa Japani smati kii (funguo ya elektroniki) moja na ya pili ya chuma tu, sababu chipu za funguo nazo hazikutosha. Walisema nyingine itafuata baadaye, kwa hivyo mwambie ajenti akutumie picha ya zote mbili, na iandikwe kwenye invoisi.