Kruzi ya kwenda kuona majani ya mwezi wa kumi: maswali ya afya

Kila ukikaribia mwezi wa tisa maswali haya yanaanza kunimiminikia, maana Waswahili wengi huku Marekani siku hizi wanajikusanya marafiki sita saba wanakata tiketi ya kruzi kutoka Boston au New York, meli inapandisha kaskazini inapita Portland na Bar Harbor kule Maine, inaingia Canada kwa Saint John na Halifax, nyingine zinaendelea na mto St. Lawrence mpaka Quebec City, na njia nzima milima na visiwa vimewaka nyekundu na njano kwa majani ya ile miti ya maple yanayobadilika rangi kabla ya kuanguka. Ni safari nzuri mno. Mimi ni nesi, nimekusanya maswali mnayouliza zaidi, nayajibu hapa kwa pamoja.

Dada nesi, ni kweli watu wanaharisha sana kwenye meli?

Inatokea, na mara nyingi mkosaji ni kirusi kinaitwa norovirus. Siyo kwamba meli ni chafu, hizi zinazopokea watu kwenye bandari za Marekani zinakaguliwa na CDC (shirika la serikali ya Marekani la kudhibiti magonjwa), programu ipo tangu 1975 na matokeo wanayaweka wazi intaneti unaweza kusoma ya meli yako. Shida ni watu wengi, reli moja ya ngazi, vijiko vya bafe vinavyoshikwa na kila mtu. Ukishakipata, ndani ya saa 12 mpaka 48 unaanza kutapika na kuharisha, tumbo linakata, kwa wengi inaisha ndani ya siku moja mpaka tatu.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri jamani. Ile sanitaiza mnayopuliziwa mlangoni pa mgahawa haikiwezi vizuri hiki kirusi. Sabuni na maji ndiyo yenyewe, sekunde 20, kati ya vidole na chini ya kucha, kabla ya kula na kila ukitoka chooni. Ukichukua chakula bafe umeshika kijiko cha watu wote, halafu unaenda kumega mkate kwa mkono uleule, hapo ndipo unapokimeza. Pakua kwanza, weka sahani mezani, nenda kanawe, rudi ule. Marafiki watakusubiri.

Na mmoja wetu akianza kutapika?

Atoe taarifa kwa kitengo cha afya cha meli na abaki kabini, hata kama siku hiyo ndiyo ya kushuka Bar Harbor na ameingoja mwaka mzima. Najua inauma, lakini akishuka na nyinyi kwenye ile boti ya kuwapeleka nchi kavu mmekaa bega kwa bega, kesho mko watatu. Na akipona asianze siku hiyohiyo kugawia watu matunda kwa mkono, anaweza kuendelea kukitoa kirusi wiki mbili na zaidi baada ya kupata nafuu.

Maji ndiyo dawa. Bebeni pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, ni nyepesi. Zikiisha, lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko viwe vya kusawazisha siyo vya kilima. Anywe kidogokidogo, akitapika asubiri kama dakika 10 aanze tena. Akiona damu kwenye choo, au mkojo umekuwa mchache na mweusi, au anashikwa na kizunguzungu akisimama, mpelekeni kwa daktari wa meli msingoje asubuhi.

Shikamoo dada. Mama yangu ana presha na sukari, miaka 68, rafiki zake wa kanisani wanataka kwenda naye. Aende?

Marahaba. Kama hali yake imetulia na daktari wake ameridhia, aende akafurahi. Ila dawa zote ziwe begi la mkononi, ndani ya makopo yake yenye jina lake, na ziwe za siku kadhaa zaidi ya safari, maana lile begi kubwa unalikabidhi bandarini na unaweza usilione mpaka jioni. Amuulize daktari kabla hajaondoka kitu kimoja ambacho watu hawaulizi: nikianza kutapika na kuharisha, dawa zipi nisimamishe kwanza? Kuna dawa za presha za kukojoza, na metformin ya sukari, ambazo mwili ukiishiwa maji zinaweza kuleta matatizo kwenye figo au damu, lakini asijiamulie mwenyewe, apate jibu la daktari wake na aliandike kwenye karatasi.

Halafu bima. Medicare, ile bima ya serikali ya Marekani ya wazee, hailipii matibabu ya kwenye meli ikiwa meli iko zaidi ya saa 6 kutoka bandari ya Marekani, na matibabu ya Canada kwa kawaida haiyalipii kabisa. Mkatieni bima ya safari yenye kipengele cha kusafirishwa kwa dharura.

Kichefuchefu cha bahari je?

Bahari ya Atlantiki mwezi wa kumi inaweza kuchafuka. Chagueni kabini za katikati ya meli na za chini, ukianza kujisikia vibaya acha simu, toka nje utazame mbali pale bahari inapokutana na mbingu. Tangawizi inasaidia baadhi ya watu. Meclizine, kidonge cha kuzuia kichefuchefu, inanunuliwa bila cheti ila inaleta usingizi, usichanganye na pombe, na mwenye glakoma au tezi dume iliyovimba aulize kwanza.

Tutashuka kutembea msituni Acadia, ile hifadhi ya taifa iliyo karibu na Bar Harbor. Nijihadhari na nini?

Kupe. Watu wanawaza baridi tu (na baridi ipo, vaeni nguo za kupandana na kofia, upepo wa sitaha unakata), lakini kupe mwenye miguu myeusi anayeleta ugonjwa wa Lyme anafanya kazi mpaka mwezi wa kumi na moja, kaskazini mashariki ya Marekani ndiko amejaa, na Nova Scotia yupo pia. Mdogo kama punje ya ufuta. Anapenda majani makavu yaliyoanguka, yaleyale mnayolalia kupiga picha! Tembeeni katikati ya njia, suruali ndefu mmeichomeka kwenye soksi, jipakeni dawa ya kufukuza wadudu yenye DEET. Mkirudi kabini vueni mkaguane: nyuma ya magoti, kinena, kwapa, kitovu, nyuma ya masikio, mpaka kwenye mistari ya nywele za kusuka.

Ukimkuta, mshike kwa kibano chembamba karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja bila kumzungusha, osha kwa sabuni. Usimpake mafuta wala kumchoma. Kwa kawaida anahitaji zaidi ya siku nzima amekung'ang'ania ndipo aambukize, kwa hiyo kukaguana kila jioni kunaokoa. Piga picha ya kupe na umpigie daktari mapema, kuna dozi moja ya antibayotiki ya doxycycline anayoweza kukupa ndani ya saa 72 baada ya kumtoa.

Dalili za Lyme zikoje kwenye ngozi yetu?

Swali zuri sana, maana picha nyingi mnazoziona ni za ngozi nyeupe, duara jekundu linaonekana waziwazi. Kwetu linaweza kutokea la zambarau au kahawia iliyokolea, mtu anadhani amejigonga. Angalia kama linapanuka siku hadi siku, huanza siku ya 3 mpaka ya 30 baada ya kuumwa na kupe. Wengine hawalipati kabisa, wanapata homa, uchovu, kichwa, viungo kuuma. Na wewe uliyekuja kutembea ukarudi Mwanza au Mombasa ukashikwa na homa, pima malaria kama kawaida lakini mwambie daktari ulitembea misitu ya Maine, maana usipomwambia Lyme hataiwaza, na ikiwahiwa inatibika vizuri kwa antibayotiki.

Chanjo ya mafua lini?

Angalau wiki 2 kabla ya kupanda meli, kinga inachukua muda huo kujijenga. Na ya korona muulizane na mfamasia siku hiyohiyo, zote mbili anaweza kuwachoma kwa mara moja.