Nota ya Jani la Mdanzi katika Manukato

Fundi wa manukato anapotaja nota ya jani la mdanzi, yaani mti wa machungwa machungu, hazungumzii tunda wala ua, bali ule ubichi wenye uchungu unaotoka jani linapofikichwa mkononi. Nota, neno lililoazimwa kutoka muziki, ni harufu moja inayotambulikana ndani ya mchanganyiko wa harufu nyingi, nazo hupangwa kwa jinsi zinavyowahi kutoweka: za juu hunukia kwanza na kwisha upesi, za kati hufuata, na za chini, kama udi na sandali, hubaki kwenye nguo hata kesho yake.

Kwa aliyeko Mombasa, dhana hii hueleweka vizuri zaidi kwa pua kuliko kwa maneno. Chuma jani la mlimau au la mdanzi, uliinue juani, nawe utaona vitone vidogo vinavyopitisha mwanga, vimetapakaa jani zima; hivyo ndivyo vifuko vya mafuta. Sasa lifikiche ulinuse, kisha kwaruza ganda la tunda la mti huohuo kwa ukucha. Ganda hutoa ukali mchangamfu unaopaa mara moja, ilhali jani lina ubichi, uchungu kidogo, na harufu kama ya kijiti kilichovunjwa sasa hivi.

Sababu imo ndani ya mafuta yenyewe. Mafuta ya ganda la chungwa ni limonini kwa zaidi ya asilimia 90, nayo ni nyepesi na huruka haraka. Mafuta ya jani la mdanzi kwa kiasi kikubwa, takriban nusu, ni asetati ya linalili, ikifuatiwa na linaloli, na viungo hivi viwili ndivyo pia vinavyotawala katika mafuta ya ua la lavenda. Ndiyo maana jani huwa na utulivu ambao ganda halina, tena hudumu zaidi kidogo, likiunganisha nota za juu na za kati.

Mdanzi ni mti wa ajabu kwa wenye kazi hii, kwa kuwa mmoja hutoa mafuta ya aina tatu. Ganda la danzi hukamuliwa. Maua hukenekwa kwa mvuke yakatoa neroli, ambayo ni ghali mno kwani kilo moja huhitaji takriban kilo 1,000 za maua. Majani pamoja na vijiti hukenekwa vivyo hivyo yakatoa petigreni. Jina hilo ni la Kifaransa, maana yake punje ndogo, kwa sababu zamani yaliyokenekwa yalikuwa madanzi machanga yenye ukubwa wa punje. Siku hizi Paraguai ni miongoni mwa nchi zinazojulikana sana kwa mafuta haya. Kwa maoni yangu, ni makosa kuyaita neroli ya maskini, kwa maana yana uchungu wa kijiti ambao ua haliwezi kuutoa.

Si majani yote ya jamii ya mchungwa yanayonukia namna moja. Jani la mlimau lina sitrali, kiungo kilekile kinachoipa mchaichai harufu yake katika chai yetu. Jani la mchenza ni zito na lenye utamu, kwa kuwa sehemu yake kubwa ni kiungo ambacho ni ndugu wa karibu wa kile kilichomo katika asumini, na pua iliyozoea vikuba vya asumini huutambua undugu huo bila kuambiwa.

Muuzaji akikwambia marashi yana harufu ya ndimu, muulize kama ni ya ganda au ya jani. Katika joto la pwani, ganda pekee laweza kuwa limekwisha kabla hujavuka Likoni. Jipake kidogo kwenye kifundo cha mkono, usubiri kama nusu saa, kisha unuse tena: ikiwa utamu wa tunda umeondoka na umebaki ubichi mkavu wenye uchungu, unaloanza kulinusa hapo ni jani.