Picha halisi ya goli, jibu lisilo sahihi

Mechi ikiisha kwa utata, picha moja huanza kuzunguka kwenye simu: kipa amejinyoosha, na kati ya mpira na mstari zinaonekana nyasi. Wengi huamini picha ya mpiga picha wa habari inamaliza ubishi. Ni imani inayoeleweka, maana picha yenyewe ni halisi.

Ila sheria inataka mpira wote uvuke mstari wote, ardhini au hewani. Mpira una upana wa takriban sentimita 22 na hugusa chini katikati yake. Kwa hiyo unaweza kugusa nyasi sentimita 10 nyuma ya mstari huku tumbo lake bado liko juu ya mstari. Hilo si goli.

Tena sisi wapiga picha hatukai kwenye mstari. Tunakaa nyuma ya mabango, karibu na kibendera cha kona, au jukwaani. Kutoka juu, upande wa uwanjani, mpira ulio hewani huonekana umeshaingia. Kutoka juu, nyuma ya goli, mpira huohuo huonekana bado.

Jaribu mezani: chora mstari, weka chungwa, lipige picha kwa simu kutoka pande zote mbili, kisha kutoka juu kabisa. Na ukiletewa picha ya goli, tazama milingoti kwanza. Kama haijafunikana ikaonekana mmoja, kamera haikuwa usawa wa mstari.