Kumwinua mgonjwa kitandani si kazi ya kine peke yake

Hospitali za huku Bukavu zikiniita kufundisha namna ya kutunza mwendo wa wagonjwa, wanaoletwa darasani mara nyingi ni wenzangu wa kine, yaani fiziotherapia, tiba ya mazoezi ya viungo. Wao ndio wasiohitaji somo. Mtu wa kine hupita wodini mara moja kwa siku, Jumapili hayupo. Saa zote zilizobaki mgonjwa yuko na wauguzi na ndugu zake. Programu ya kuwainua wagonjwa ikiwa mali ya kine, inakufa siku huyo mmoja akienda likizo.

“Apone kwanza, kutembea kutakuja.” Hilo nalisikia kila wodi. Lakini kitanda nacho kinadhuru. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwalaza wazee wenye afya nzuri kwa siku 10: miguuni walipoteza karibu kilo moja ya misuli, na hawakuwa wagonjwa. Sasa fikiria mama mwenye nimonia anayeonja uji vijiko viwili. Homa inashuka, ruhusa inasainiwa, na ndipo familia inagundua kwamba hafiki chooni. Damu kuganda miguuni, vidonda vya kulalia na kizunguzungu cha kusimama navyo vinatoka humo humo. Halafu mji wetu ni wa milima. Anayepita vizuri kwenye korido ya simenti huenda bado hawezi kijia cha matope cha kupanda kwao Kadutu, kwa hiyo siku anapolazwa tu muulize: kutoka barabarani hadi mlangoni kukoje?

Mimi naanzia kwenye fishi, karatasi ya kumfuatilia mgonjwa kila siku. Chini ya joto na presha naongeza mstari mmoja, kwa kipimo cha mwendo cha 1 hadi 8 cha hospitali ya Johns Hopkins, Marekani. Namba 1, mgonjwa amelala tu. 3, amekaa ukingoni mwa kitanda. 4, amehamia kitini. 5, amesimama dakika nzima. 6, amepiga hatua 10 au zaidi. 8 ni futi 250, karibu mita 75. Muuguzi anaandika alichofanya mgonjwa leo, wala si anachodhaniwa anaweza. Na daktari wa mzunguko wa asubuhi aisome kwa sauti, la sivyo mstari utabaki mtupu baada ya wiki.

Namba ikisomwa, maswali yanajileta. Jana 4, leo 1, kuna nini? Unakuta serumu, yaani dripu, imetundikwa kwenye msumari ukutani, na mgonjwa amefungwa na urefu wa mrija wake. Au mrija wa mkojo aliowekewa siku ya kwanza, hakuna aliyekumbuka kuutoa. Au kwenye fishi kuna “apumzike kitandani”, maneno ya usiku wa dharura ambayo hayajafutwa. Serumu inahitaji nguzo yenye magurudumu, kazi ya fundi wa kuchomelea. Hayo mengine mawili yanahitaji kalamu ya daktari. Na viti, jamani! Kuna wodi zisizo na kiti hata kimoja chenye mikono, halafu tunashangaa watu wanakula kitandani.

Wauguzi wana hofu yao, na ni ya haki: akianguka, nani atajibu? Ndiyo maana daktari aandike wazi nani asisimamishwe, kama mwenye mvunjiko ambao haujatulizwa, na wengine wote wahesabiwe wameruhusiwa. Kisha utaratibu: akae kwanza, miguu iguse chini, aulizwe kama kichwa kinazunguka, avae viatu vinavyoshika mguu, si ndala. Mara ya kwanza wamshike watu wawili.

Huyo wa pili tunaye tayari. Programu ya daktari wa wazee Sharon Inouye, iliyoanza Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mwaka 1993, ilibidi itafute na kufundisha watu wa kujitolea ili wawatembeze wazee na kuwasaidia kula. Majibu yaliyotoka mwaka 1999 yalionyesha kuchanganyikiwa kwa ghafla kukishuka kutoka 15% hadi 9.9%. Kwetu mlinda mgonjwa, ndugu anayebaki naye hospitalini, tayari analala kwenye mkeka chini ya kitanda. Shida ni kwamba upendo wake unafanya kila kitu: unalisha, unaosha, unabeba. Binti akiniambia, “Docta, mama amechoka, nitamnawisha mimi,” namjibu, “Dada, mpe kitambaa, uso anawe mwenyewe, wewe shika beseni.” Asiposhawishika, namtajia fakitire, yaani bili ya hospitali: siku za kumfundisha mama kusimama upya, watazilipa wao.

Wasimamizi hutaka kujua bei. Viti, magurudumu, fotokopi za fishi mpya, basi. Kilicho adimu kweli ni mikono ya wauguzi, hasa usiku, pale mmoja anapobeba wodi nzima. Kwa hiyo usiku siwaombi kutembeza mtu. Namba 3 ipatikane asubuhi wakati wa kunawa, namba 4 saa ya kula mchana, kazi ambazo wangezifanya hata hivyo.